Tamthiliya tulizokariri kwa ajili ya mtihani, na siku nilipoziona zikichezwa

Mleta uzi

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wengine habari za jioni. Uzi utakuwa mrefu, kwa sababu jambo hili nimekaa nalo miaka mingi na sijapata mahali pa kulimwaga. Naongelea tamthiliya. Michezo ya jukwaani, yenye taa na maleba na watu wanaotoka jasho mbele ya macho yako.

Nilimaliza shule nikiwa na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein kichwani yote. Ungeniamsha usiku wa manane ukaniuliza dhamira, ningekutajia bila kufungua macho: ukombozi, umoja, imani, athari za ukoloni. Nilipata alama nzuri. Miaka michache baadaye wanafunzi wa sanaa za maonyesho wakaicheza kwenye ukumbi mmoja hapa Dar, wa viti vya plastiki na mapangaboi yanayolia, na ndipo nilipojua kwamba mchezo ule sikuwa nimeuelewa hata kidogo.

Unaanza na wanawake wanazungumzia njaa. Darasani sehemu hiyo tuliipita mbio. Mwalimu alisema inaonyesha hali ngumu ya maisha, tukaandika, tukafunua ukurasa. Jukwaani dada mmoja alikaa chini na ungo mtupu, akawa anapeta. Hamna mtama, hamna mchele, lakini mikono inakwenda vilevile, na kila baada ya muda anasimama, anachagua chuya ambazo hazipo, anazitupa pembeni. Kilichosikika ni viganja vyake na ungo tu. Wanaume wako kwenye shamba la pamba la Mjerumani, mashamba yao wenyewe yameota majani, na huyu anapeta hewa. Mwongozaji wa mchezo ule simjui mpaka leo, lakini ule ungo ulinifundisha kuliko daftari langu zima.

Halafu yakaja maji, ile dawa ya kuzuia risasi. Nilikuwa nimewahi kufika kwa kuogopa foleni ya daladala, nikapata kiti cha mbele kabisa. Kijana aliyecheza Kinjeketile akachovya usinga kwenye kibuyu, akaupeperusha juu ya wapiganaji waliopiga magoti, na matone yakavuka ukingo wa jukwaa yakatufikia sisi. Manne au matano yaliniangukia mkononi. Yalikuwa maji ya bomba, najua. Lakini mzee aliyekaa kando yangu, kofia yake ya kiua kichwani, aliyapangusa yale ya kwake taratibu kwa vidole viwili, akajipaka kwenye paji la uso. Hakuna aliyecheka. Nami nilijikuta sitaki kuyafuta ya kwangu.

Pale ndipo nilipoelewa jinsi mtu mwenye akili timamu anavyoweza kuiendea bunduki. Miaka yote nilikuwa nawaona wale watu wa Maji Maji kama watu waliodanganywa, na moyoni nilikuwa nawaonea aibu kidogo. Kumbe ukiwa na njaa, umechapwa viboko kwenye pamba ya mtu mwingine, kisha mbele yako anasimama mtu anayetetemeka kwa neno alilopewa, maji hayo unayataka. Unanyoosha shingo yakufikie.

Jambo jingine ambalo kitabuni lilinipita ni ile habari ya Seyyid Said. Kinjeketile, akiwa amepandwa, anawatabiria watu kwamba watakuwa huru, watakuwa watoto wa Seyyid Said. Watu wanashangilia. Baadaye, akili zikiwa zimemrudia, anaambiwa alichosema mwenyewe, na anagundua kwamba Hongo, yule mzimu aliyempanda, amewapa uhuru kwa mkono mmoja na kuuchukua kwa mwingine: wamtoe Mjerumani wamweke Sultani. Yule kijana alilisikia jambo hilo akiwa amekipa kisogo ukumbi. Tuliona mgongo tu. Mgongo ule ulishuka kidogo kidogo kama gunia linalovuja.

Kwa wale wanaopenda historia: Kinjeketile Ngwale wa kweli, wa Ngarambe, Wajerumani walimnyonga Mohoro mwanzoni mwa Agosti 1905, vita ndiyo kwanza vinaanza. Vikaendelea mpaka 1907, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kupita risasi. Ebrahim Hussein anaeleza wazi kwenye utangulizi wake kwamba Kinjeketile wa mchezoni ni kiumbe cha fikra zake. Kwa hiyo anamwacha aishi aone neno lake linavyokua, linavyomshinda nguvu, linavyokwenda kuua watu huku yeye mwenyewe akisema subirini. Mwishoni Mjerumani anataka kauli moja tu kutoka kwake: sema maji yalikuwa uongo. Anakataa. Akisema hivyo, watoto wa kesho wataambiwa kwamba kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Shuleni niliandika "anaonyesha ushujaa". Siku ile niliona mtu aliyebanwa kati ya ukweli mmoja na ukweli mwingine, na hakuna pa kutokea.

Kitabu hiki kimetoka 1969. Kina kurasa chache kuliko vitabu vingi vya wanafunzi. Sijui kwa nini mtoto wa Kitanzania anaruhusiwa kumaliza shule akiwa amekifanyia mtihani bila kukiona kikichezwa hata mara moja.

Naendelea hapo chini, nipeni dakika.

Mleta uzi

Naendelea. Juliasi Kaizari.

Wengi tunajua kwamba Mwalimu Nyerere aliutafsiri mchezo huu wa Shakespeare. Ulitoka kwanza 1963, akaufanyia marekebisho ukatoka tena 1969, mwaka uleule wa Mabepari wa Venisi. Fikirini kidogo: rais wa nchi changa, ana wizara na wageni na matatizo, na usiku anahesabu mizani ya mistari. Samuel Mushi naye akatuletea Makbeth na Tufani miaka hiyohiyo. Ilikuwa kama kundi la watu limekubaliana kukipima Kiswahili kwenye mzigo mzito kabisa lione kama kitainama.

Ukisoma Juliasi Kaizari kimyakimya unaweza kuuona mgumu, maneno mengine ya kale, sentensi zimepinduliwa ili mizani itimie. Nilikuwa na maoni hayo mpaka siku rafiki yangu mmoja, mwalimu, alipokaa barazani kwetu umeme ukiwa umekatika akaanza kusoma hotuba ya Antony juu ya maiti ya Kaizari, kwa sauti, akitumia tochi ya simu. Watoto wa jirani wakasogea. Mstari ambao jichoni ulikuwa umekunjamana, mdomoni ulinyooka. Na kila aliporudi kwenye kusema kwamba Brutus, mmoja wa waliomuua Kaizari, ni mtu mwema, wale watoto walikuwa wanaguna kwa pamoja, kila mara zaidi kidogo. Hakuna aliyewafundisha kuguna. Mwisho mmoja akasema, "Sasa si wakamkamate?" Umati wa Roma ulikuwa pale barazani umevaa kandambili.

Halafu lile jina, Mabepari wa Venisi. Mtafsiri mwingine angesema wafanyabiashara, tungepita zetu. Mwalimu akachagua mabepari, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Ukilisoma jalada umeshajua unaingia kwenye nyumba ya nani. Kuna wanaosema aliusukuma mchezo kuelekea siasa yake, nami nakubali aliusukuma. Nadhani alikuwa na haki. Mchezo unaohamia lugha mpya lazima upate mahali pa kuweka miguu.

Safari ya kurudi ilifanyika pia. Mwaka 2012, ukumbi wa Globe wa London uliweka michezo 37 ya Shakespeare katika lugha 37, na Kiswahili kikapewa The Merry Wives of Windsor. Kikaitwa Wanawake wa Heri wa Winsa, mazoezi yakafanyika Nairobi, na Falstaff akawa Mrisho Mpoto wetu. Yule mzee mlafi, mwongo, anayejiona kijana, anayetongoza wake za watu wawili kwa barua moja: nani asiyemjua huyu? Yuko kila mtaa. Sikuwepo London, lakini nikiwaza sauti ya Mpoto, iliyozoea kughani, inatoka ndani ya lile kapu la nguo chafu anamojificha Falstaff, moyo unafurahi.

Mchangiaji kutoka Nakuru

Mleta uzi, umenigusa. Huku kwetu Kenya kidogo tuna bahati kwa sababu vikundi vya waigizaji huzunguka shuleni wakiigiza vitabu teule. Nilikuwa kidato cha tatu walipokuja na Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia. Waliigiza kwenye ukumbi wa maankuli, meza zimesukumwa kando, harufu ya maharagwe bado iko. Mwelusi alipouawa na Gege, ndugu yake wa damu, kwa sababu ya ahadi za Mtemi Bokono, msichana mmoja wa darasa letu aliinuka akapiga kelele, "Usimwamini!" Hakuwa anacheza. Alikuwa amekisoma kitabu, alijua kitakachotokea, na bado akajaribu kumwokoa.

Lakini nilichotaka kuchangia ni Ngaahika Ndeenda, ile ambayo kwa Kiswahili inaitwa Nitaolewa Nikipenda. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii waliiandika, na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wakaijenga pamoja nao: wakasahihisha maneno, wakaleta nyimbo zao, wakajenga jukwaa la wazi kwa mikono yao. Ilianza tarehe 2 Oktoba 1977. Katikati ya Novemba kibali kikafutwa. Mwaka haujaisha, Ngũgĩ akakamatwa, akakaa kizuizini mwaka mzima. 1982 ule ukumbi wenyewe ukabomolewa. Riwaya zake za Kiingereza zilizoisema serikali zilikuwa zimeachwa madukani.

Mwaka wa 2022 iliigizwa tena Nairobi, kwenye Kenya National Theatre, Kikuyu na Kiingereza. Nilimpeleka mamangu siku ya Kikuyu. Yeye hakuwahi kuiona ile ya kwanza, alikuwa msichana mdogo, lakini alisikia watu wazima wakiizungumzia kwa sauti ya chini. Kigũũnda ana shamba la ekari moja na nusu, na hati yake ameitundika ukutani. Hati tu, karatasi. Mama alikuwa anaiangalia ile karatasi muda wote, hata waigizaji wakiwa upande mwingine. Tulipotoka aliniambia, "Nilijua wataichukua, nilikuwa nailinda."

Mleta uzi

Mkuu wa Nakuru, hiyo ya mama imenifanya niweke simu chini kwanza. Asante.

Na hapo kwenye riwaya za Kiingereza umegusa penyewe. Mtu akisoma riwaya yuko peke yake chumbani. Mchezo unawakusanya watu, wanacheka pamoja, wanaangaliana. Alamin Mazrui naye aliandika tamthiliya ya Kilio cha Haki, ikatoka 1981, mwaka uliofuata akawekwa kizuizini.

Mchangiaji kutoka Tanga

Kaka naheshimu mapenzi yako ila sikubaliani kwamba kila tamthiliya lazima ichezwe. Mashetani ya huyohuyo Ebrahim Hussein ni ya kusomwa. Imejaa mafumbo, ukiipeleka jukwaani watu watatoka hawajui wameona nini. Mimi nimeisoma mara sita na kila mara napata kitu kipya. Jukwaani ningeipata mara moja ikapita.

Mleta uzi

Dada yangu wa Tanga (au kaka, nisamehe), hoja yako ina uzito na sitaipuuza. Kurudia kusoma ni neema. Lakini naomba nikueleze nilichoona, maana nimebahatika kuona sehemu ya kwanza ya Mashetani ikichezwa na vijana wawili tu, bila taa wala maleba, kitambaa kimoja cheusi.

Unajua inavyoanza: Shetani na Binadamu, chini ya mbuyu. Halafu tunagundua kwamba ni Juma na Kitaru, marafiki wawili, wanacheza. Kitabuni, kutoka pale kwenda hapa ni maelezo mafupi ya mwandishi, jicho linaruka. Wale vijana walifanyaje? Aliyekuwa Shetani alivua kitambaa, akakikunja vizuri, akakiweka begani, akaanza kucheka cheko la kawaida kabisa la rafiki. Lakini kitambaa hakukiacha. Kilikaa begani mchezo wote. Kila Juma na Kitaru walipozungumza habari za familia zao, huyu ambaye kwao palikuwa na mali na imekwenda, yule ambaye kwao mali ndiyo inaingia, mimi nilikuwa natazama bega. Mchezo ulitoka 1971, Mapinduzi ya Zanzibar yana miaka saba tu, na yale yasiyosemeka yote yalikuwa kwenye kile kitambaa. Fumbo halikufumbuliwa, dada. Lilikaa mbele yetu, tukaweza kulitazama pamoja.

Kwa hiyo isome mara ya saba. Ila ikichezwa popote Tanga, nenda.

Mchangiaji aliyeko London

Vipi kuhusu michezo ya muziki? Huku nimeiona The Lion King pale ukumbi wa Lyceum, inachezwa tangu 1999. Nilikwenda nikiwa na wasiwasi kwamba nitaona Afrika ya kwenye kadi za posta. Nilipomwona Rafiki, ambaye jukwaani ni mwanamke, akitoa ule wito wa kwanza, na wanyama wakaanza kupita katikati ya viti vyetu, nililia. Simba, Sarabi, Shenzi, majina yetu, na nyimbo nyingi kwa Kizulu, ni kweli vimechanganywa. Ila vile vinyago vimewekwa juu ya kichwa, hivyo uso wa mwigizaji unauona chini yake, unaona mnyama na mtu kwa wakati mmoja. Binti yangu wa miaka sita alinionyesha kidole: "Mama, anapumua."

Mleta uzi

"Mama, anapumua." Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta kwenye aya zote zile hapo juu.

Kuhusu michezo ya muziki nina jambo. Wengi wetu Sarafina tuliijua kwenye vibanda vya video, ile filamu ya 1992. Nilikuwa mtu mzima nilipojifunza kwamba ilizaliwa jukwaani, Market Theatre ya Johannesburg, 1987, kazi ya Mbongeni Ngema, na mwaka uliofuata ikaingia Broadway, ikachezwa mara 597. Vijana wa Soweto wanaimba mauti yao wenyewe, na ubaguzi bado uko madarakani wakati wanaimba. Filamu naipenda. Lakini filamu ilipotoka Mandela alikuwa ameshafunguliwa. Wale wa 1987 waliimba bila kujua mwisho.

Sisi hatukuwahi kuutenga mchezo na muziki hapo zamani. Nilipokuwa mdogo baba alikuwa ananichukua siku za sikukuu kuona maonyesho ya vikundi vya utamaduni, enzi za vikundi vya Muungano na TOT (Tanzania One Theatre) wakishindana. Tiketi moja ilikuwa inakupa ngoma, sarakasi, vichekesho, mchezo wa kuigiza, halafu taarabu mpaka watu wazima watuzane. Ukumbi wa baa, watoto tumekaa chini mbele. Wasomi wengine walikuwa wanaudharau. Mimi naona ule ulikuwa ukumbi wetu wa taifa, na tumeuacha ukafa bila matanga.

Ndiyo maana nikisoma Nguzo Mama ya Penina Muhando naisikia ikiimbwa. Wanawake wa Patata wanahangaika kuisimamisha nguzo moja. Wanavuta, wanagombana, mmoja anaitwa na mumewe, mwingine ana lake, nguzo iko chini. Ukisoma kimya utaona ni hoja. Ikichezwa na nguzo ya kweli, gogo lenye uzito wa kweli, kila mara mmoja akiachia kamba hadhira yote inashtuka kwa kuwaogopea waliobaki.

Mchangiaji kutoka Songea

Haya yote ya Dar, Nairobi, London. Sisi tulioko huku, ambako Maji Maji yenyewe ilipita, tunaona wapi mchezo? Ukumbi ni wa harusi, na kikundi kikija kinakuja na semina.

Mleta uzi

Mkuu, swali lako ndilo lililonifanya nianzishe uzi.

Sina jukwaa. Nina sebule. Tangu mwaka jana, Jumamosi moja kila mwezi, tunakaa watu saba au wanane, tunagawana wahusika, tunasoma mchezo mzima kwa sauti. Mmoja anasoma maelezo ya jukwaa tu, na huyo chagueni msomaji mzuri kuliko wote, maana yeye ndiye taa na yeye ndiye pazia. Msifanye mazoezi. Msisahihishane matamshi. Chai iwepo.

Mara ya tatu tulisoma Hawala ya Fedha, ambayo Amandina Lihamba aliitoa kwenye hadithi ya Ousmane Sembène wa Senegali. Mzee ametumiwa hela na mpwa wake aliye Ulaya, hela ipo posta, ina jina lake, na kuichukua hawezi kwa sababu hana kitambulisho. Kukipata kitambulisho anatakiwa awe na kitu kingine, na hicho kingine kinataka kingine, na huku madeni na ndugu vinajaa mlangoni. Jirani yetu mmoja, mama mstaafu, alikaa dirishani posta zaidi ya miaka ishirini. Tukampa karani. Sisi wote tulitegemea karani mkali, mwenye dharau. Yeye alimsoma kwa sauti ya mtu aliyechoka, sauti ya saa tisa alasiri, foleni haijaisha. "Huna kitambulisho, baba, pisha wengine." Akanyamaza. Akavua miwani, akasema, "Nimewaambia wengi hivi," na tukasubiri mpaka aliporudi kwenye mstari wake.

Kwa hiyo Songea anzeni na Kinjeketile, hiyo ni ya kwenu kabla haijawa ya mtu mwingine. Nakala moja ya kitabu inatosha watu wawili wakikaa karibu. Kibuyu na usinga hamtakosa.

Sisi mwezi huu tuna Ngoswe ya Edwin Semzaba. Karani wa sensa tunaye, Mazoea tunaye, tena binti anayecheka vizuri sana. Bado Mzee Mitomingi. Anatakiwa mtu mwenye sauti nzito, atakayeweza kuyachoma yale makaratasi ya serikali tukayasikia yakiungua. Aliye karibu na Mbagala anitumie ujumbe.